Simu yako yatosha kuwa jicho la kompyuta, lakini tuuchunge mlango wa nyumba



Kata ya Bigwa, katika Manispaa ya Morogoro, imekaa chini ya Milima ya Uluguru, pale inapoanzia barabara iendayo Kisaki kupitia Mkuyuni na Matombo. Kama ilivyo kwa maeneo mengi ya pembezoni mwa miji yetu, vijana wake hutoka kwenda kusoma au kutafuta riziki. Mmoja huenda Dar es Salaam, mwendo wa kilometa zipatazo 190. Mwingine huvuka bahari hadi Muscat. Wazee hubaki nyumbani. Kwa familia zilizotawanyika namna hii, mazungumzo ya picha kwa njia ya intaneti si anasa tena. Ndiyo njia ya bibi kumwona mjukuu, ya mwanafunzi kumwona mwalimu, na ya mtoto aliye mbali kuendelea kusomeshwa Kurani na ustadhi ambaye wazazi wake wanamfahamu na kumwamini.

Leo tumeona tuzungumzie jambo ambalo kwa nje laonekana dogo, lakini lina uzito katika mfuko wa mzazi na katika heshima ya nyumba yake. Kompyuta nyingi zinazonunuliwa na familia za kipato cha kawaida ni zile zilizokwisha kutumika. Za mezani aghalabu hazina kamera kabisa. Kompyuta mpakato huwa nayo, lakini mara nyingine imekwisha kufa, au hutoa picha ya ukungu na giza. Hapo mzazi hushauriwa anunue kamera mpya, au hata abadili kompyuta yote. Sisi tunasema asubiri kwanza. Kamera bora kuliko hiyo anayotaka kuigharimia huenda tayari imo mfukoni mwake.

Ilikotoka kamera ya kompyuta

Kamera ya kwanza ya namna hii iliwekwa mwaka 1991 katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Kazi yake haikuwa kubwa. Ilielekezwa kwenye birika la kahawa ili watafiti waliokaa vyumba vya mbali waone kama lina kahawa kabla ya kuinuka na kulifuata bure. Picha yake haikuwa na rangi, na ilikuwa na pikseli 128 kwa 128, yaani vidoa 16,384 tu. Mwaka 1993 iliunganishwa na mtandao wa dunia, na mwaka 2001 ikazimwa.

Tangu wakati huo mambo yamebadilika sana. Kamera za kompyuta mpakato nyingi hutoa picha ya pikseli 1,280 kwa 720, ambazo kwa jumla hazifiki milioni moja. Kamera ya nyuma ya simu janja ya kawaida ina pikseli milioni 8, 12 au zaidi, na lenzi iliyo pana kuliko ile tundu ndogo iliyo juu ya kioo cha kompyuta. Kwa hiyo si ajabu kwamba mtu mwenye kompyuta ya bei kubwa na simu ya bei ndogo akaonekana vizuri zaidi kwa simu.

Ulipotokea ugonjwa wa UVIKO-19 mwaka 2020, shule zikafungwa na watu wakahamishia vikao majumbani, kamera za kompyuta ziliadimika madukani katika nchi nyingi. Hapo ndipo wengi walipogundua kwamba simu yaweza kufanya kazi hiyo. Baadaye wenye makampuni nao walifuata. Kampuni ya Apple iliingiza uwezo huo katika simu na kompyuta zake mwaka 2022. Mfumo wa Android 14, uliotoka mwaka 2023, uliuleta kwa baadhi ya simu, ambazo huchomekwa waya tu na kompyuta ikazitambua kuwa ni kamera.

Namna ya kuunganisha

Kwa simu ambazo hazina uwezo huo wa kuzaliwa nao, zipo programu kama DroidCam, Iriun na Camo, ambazo zina matoleo ya bure. Utaratibu wake unafanana. Programu huwekwa mahali pawili, kwenye simu na kwenye kompyuta. Kisha simu huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, ule ule wa kuchajia, mradi uwe na uwezo wa kupitisha data na si umeme peke yake. Au vyote viwili huunganishwa na Wi-Fi moja. Mwisho, ndani ya programu ya mazungumzo, iwe Zoom au Google Meet, mtumiaji huingia kwenye mipangilio ya video na kuchagua kamera mpya iliyoongezeka katika orodha.

Wengi huuliza: je, bando halitakwisha? Jibu ni kwamba picha inayotoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta kwa waya haigusi bando hata kidogo, na hata ikipita kwa Wi-Fi ya nyumbani haitoki nje ya nyumba. Kinachokula bando ni mazungumzo yenyewe kati ya kompyuta na mtandao. Video ya kilobiti 600 kwa sekunde hutumia megabaiti zipatazo 270 kwa saa moja kwa kutuma, na kiasi kama hicho kwa kupokea. Kwa hiyo somo la nusu saa kwa kiwango hicho litachukua takriban megabaiti 270 kwa jumla. Mzazi akilijua hilo, ataweza kupanga masomo ya juma zima bila kushtukizwa.

Ipo pia njia ya mkato, nayo ni kujiunga na kikao kile kile mara mbili, kwa kompyuta na kwa simu, huku kipaza sauti na spika za simu zikiwa zimezimwa ili kusiwe na mwangwi. Njia hii haihitaji kuweka programu mpya kwenye kompyuta. Kasoro yake ni kwamba simu nayo hutuma picha yake mtandaoni, na bando huongezeka.

Huenda msomaji akauliza kwa nini asitumie simu peke yake na kuiacha kompyuta. Kwa mazungumzo mafupi, simu yatosha. Lakini kwa somo la saa nzima, kioo kidogo huchosha macho ya mtoto, na mwalimu akionyesha maandishi hayasomeki. Kompyuta huonyesha kwa upana, na watoto watatu huweza kukaa mbele yake pamoja.

Kwa nini picha safi ni muhimu kwa mwenye kusoma

Wapo watakaosema kwamba picha ni urembo tu, na kwamba sauti yatosha. Tuchukulie mfano wa ustadhi aliyeko Bigwa anayemsomesha kijana wa familia yake aliyeko Muscat. Saa mbili usiku ya Bigwa ni saa tatu usiku huko, hivyo wakati wao unaoana. Mwalimu wa tajwidi hahitaji kusikia tu, anahitaji kuona. Herufi thaa, dhaal na dhwaa hutamkwa kwa ncha ya ulimi kufika kwenye kingo za meno ya mbele ya juu, ilhali siin na zaa si hivyo. Intaneti ikiwa dhaifu, thaa na siin hukaribiana mno sikioni. Jicho la mwalimu ndilo litakaloamua kama ulimi umefika mahali pake. Vivyo hivyo, midomo kufungana katika miim na baa, na kukusanyika katika waw, ni mambo ya kuonwa. Kamera yenye ukungu humnyima mwalimu nusu ya kazi yake, na kosa la mtoto hukomaa bila kurekebishwa.

Simu ina faida nyingine ambayo kamera ya kompyuta haina, nayo ni kwamba huweza kusogezwa. Ikisimamishwa juu ya meza ikitazama chini, mwalimu huona daftari la mwanafunzi na mkono unavyoandika, iwe ni herufi za Kiarabu au hesabu za darasa la sita. Haihitaji stendi ya dukani. Rafu au vitabu vilivyopangwa vizuri vyafaa, ili mradi simu isianguke.

Mambo machache yatasaidia zaidi. Itumike kamera ya nyuma, kwa kuwa ndiyo yenye nguvu. Simu ilazwe kwa upana na iwekwe usawa wa macho. Dirisha au taa iwe mbele ya msomaji, kwani ikiwa nyuma yake uso hugeuka kivuli. Kichaguliwe kipaza sauti kimoja tu. Na kwa kuwa kamera hupasha simu joto na kumaliza betri, iachwe kwenye waya na ivuliwe gamba lake wakati wa masomo marefu.

Kamera ni mlango

Sasa tufike kwenye jambo zito zaidi. Kamera iliyowashwa ndani ya nyumba ni mlango uliofunguliwa. Surat An-Nur, aya ya 27, inatufundisha kutoingia nyumba za wengine bila kuomba idhini na kutoa salamu. Aya ya 58 ya sura hiyo hiyo inataja nyakati tatu ambazo hata watoto na watumishi wa ndani huomba ruhusa: kabla ya swala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya swala ya isha. Wanazuoni wanaeleza kwamba idhini imewekwa kwa ajili ya kulinda macho yasione yasiyopaswa kuonwa. Basi mgeni wa kwenye kioo naye ni mgeni, tena masomo mengi ya mbali hufanyika usiku, baada ya isha, wakati ambao watu wa nyumbani wamekwisha kujipumzisha.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha, watu wa nyumbani waarifiwe. Mama na dada wajue ni saa ngapi na ni chumba kipi. Hapa simu ina fadhila yake: kwa kuwa husogezwa, mwenye nyumba ndiye anayechagua kitakachoonekana. Ielekezwe ukutani, si mlangoni wala ukumbini wapitapo watu. Somo likiisha, waya uchomolewe na simu iondoke mezani. Kamera iliyojengwa ndani ya kompyuta haiondoki. Hiyo yafaa kufunikwa kwa kipande cha karatasi kisichopitisha mwanga.

Watoto wafundishwe alama moja. Tangu Android 12 ya mwaka 2021, na kwa simu za Apple tangu iOS 14 ya mwaka 2020, nukta ya kijani hujitokeza juu ya kioo kila kamera inapotumika. Mtoto akiiona ilhali hakuna mazungumzo, amwite mkubwa. Programu zichukuliwe kwenye maduka rasmi ya simu na kwenye tovuti za wenyewe, si kwa kutumiwa na mtu usiyemjua. Na zile programu zinazorusha picha kwenye Wi-Fi ziwekewe nywila, hasa mahali ambapo intaneti hutumiwa na wengi kama vile bweni; bila hivyo, yeyote aliye katika mtandao huo huenda akatazama.

Tena, asiwepo wa kurekodi somo bila ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka wajibu kwa wanaokusanya taarifa za watu. Madrasa inayohifadhi video za watoto ni vyema ipate idhini ya wazazi kwa maandishi, na iseme video hizo zitakaa kwa muda gani.

Mwisho, tukumbuke kwamba kamera ina mipaka. Jopo la Kimataifa la Fiqhi lenye makao yake Jeddah lilipojadili mikataba kwa vyombo vya mawasiliano mwaka 1990, liliruhusu mikataba mingi ya namna hiyo, lakini liliitoa ndoa katika kanuni hizo kwa sababu ya sharti la mashahidi. Familia inayotaka kufungisha nikaha kwa kioo isijiamulie yenyewe. Iwaendee masheikh wake kwanza, maana huko ndiko nasaba na haki za watu zilipo.

Ndugu wasomaji, fedha ambayo mzazi angeitoa kwa ajili ya kamera yaweza kulipia bando la masomo ya miezi kadhaa, au posho ya mwalimu. Jumamosi hii, chukueni ule waya wa kuchajia, unganisheni simu na kompyuta, na mjaribu pamoja na watoto. Kwanza, hata hivyo, kaeni kama familia mkubaliane ni chumba kipi, ni saa ngapi, na nani atauchomoa waya somo likiisha.

Wabillahi tawfiq.