Lugha ya Swali na Hesabu ya Jeni

Makala haya yanahusu maswali ya jeni na mageuko yanayotolewa katika mitihani ya biolojia ya vyuo, nayo yanayatazama kwa jicho la mwanalugha. Huenda msomaji akauliza maswali hayo yana uhusiano gani na idara ya lugha. Uhusiano upo, tena ni wa karibu. Hesabu inayohitajiwa haizidi kujumlisha, kugawanya, na kuzidisha namba kwa namba hiyo hiyo. Kinachomwangusha mtahiniwa, mara nyingi, ni tafsiri ya swali lenyewe: ni nini kinachohesabiwa, kati ya vitu gani, na kwa sharti lipi. Hayo ni mambo ya maana ya maneno. Kwa upande wetu, kazi ya istilahi imeelekezwa zaidi kwenye nomino. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ni hazina kubwa, lakini kamusi ya istilahi haiwezi kumwambia mtunzi wa swali atumie kitenzi kipi wala neno lipi la ujamaa. Hapana njia ya kuliona jambo hili ila kulikokotoa swali lenyewe kwa Kiswahili, hatua kwa hatua.

Tuchukue mfano wa kwetu Afrika ya Mashariki, yaani selimundu. Istilahi hii imeundwa vizuri, kwani yeyote ajuaye mundu wa kuvunia ataona mara moja umbo la chembe nyekundu ya damu iliyopinda. Kila mtu hurithi aleli mbili za jeni inayohusika na hemoglobini, moja kwa baba na moja kwa mama. Aleli ya kawaida tutaiita A, na ile ya selimundu S. Tofauti kati yao ni ndogo ajabu: asidi-amino moja tu, ya sita katika mnyororo wa beta, imebadilishwa, kama alivyoonyesha Vernon Ingram katika miaka ya 1956 na 1957. Mwenye AA hana ugonjwa wala hawezi kuurithisha. Mwenye AS ni mbebaji, naye kwa kawaida haugui. Mwenye SS ndiye mgonjwa, na bila matibabu wengi wa hao hufa utotoni.

Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aligundua mwaka 1949 kwamba wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, kumbe katika nyanda za juu zenye baridi ni nadra. Mwaka 1954 alitoa maelezo yake: mbebaji hupata kinga fulani dhidi ya malaria iletwayo na kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum. Takwimu tutakazozitumia ni zake za mwaka 1956, kutoka wilaya ya Musoma katika nchi iliyoitwa Tanganyika wakati huo. Kati ya watoto wachanga 287, alikuta AA 189, AS 89 na SS 9. Kati ya watu wazima 654, alikuta AA 400, AS 249 na SS 5. Swali ni hili: je, namba hizi zaonyesha kwamba mchujo wa maumbile umefanya kazi kati ya utoto na utu uzima?

Kabla ya kukokotoa, kuna neno la kuangaliwa. Magazeti yetu na idara za serikali husema "idadi ya watu", na kwa mambo ya sensa hilo latosha. Hapa halifai hata kidogo. Idadi ni namba, na namba haizai. Tunachokizungumzia ni jumla ya viumbe wanaooana wao kwa wao na kurithishana aleli. Basi tukiite kundi lizaanalo. Kadhalika wapo wanaotumia "marudio" na wapo wanaoazima "masafa" kutoka fizikia kwa ajili ya kueleza wingi wa aleli. Marudio hudokeza jambo linalotukia tena na tena katika wakati, na masafa hudokeza umbali. Tunachotaka ni sehemu ya jumla, na Kiswahili kina neno la zamani kwa hilo, ambalo wagawao samaki au mirathi walijua kabla ya wanabiolojia: fungu.

Tutafute basi fungu la S kwa watoto. Watoto ni 287, lakini tunahesabu aleli, na kila mtoto anazo mbili. Jumla ni 574. Kila AS anatoa S moja, na kila SS anatoa mbili: 89 na 18 ni 107. Gawanya 107 kwa 574, utapata 0.186. Hilo ndilo q. Fungu la A, yaani p, ni baki la moja: 0.814. Atakayegawanya 107 kwa 287 atakuwa amezichanganya aleli na watu, na jibu lake litakuwa maradufu ya lile la haki. Swali lililoandikwa "tafuta fungu la S" humtega. Lililoandikwa "tafuta fungu la aleli S kati ya aleli zote" halimtegi.

Sasa yaja kanuni iliyotolewa mwaka 1908 na watu wawili, kila mmoja peke yake: G. H. Hardy, mwanahesabu wa Cambridge, na Wilhelm Weinberg, tabibu wa Stuttgart. Kanuni yasema kwamba ikiwa kundi lizaanalo ni kubwa, ikiwa watu huoana bila kujali aleli hizo, ikiwa hakuna wahamiaji wala badiliko jipya la jeni, na ikiwa hakuna jozi inayosalimika au kuzaa kuliko nyingine, basi mafungu ya jozi yatakuwa p² kwa AA, 2pq kwa AS na q² kwa SS, nayo yatabaki hivyo kizazi baada ya kizazi. Hardy aliandika ili kupinga dhana iliyonasibishwa na G. U. Yule, kwamba sifa ya vidole vifupi, kwa kuwa aleli yake ni ya aina iitwayo tawala, ingeenea mpaka watu watatu kati ya wanne wawe nayo. Jambo hili latuhusu sisi. Neno "tawala" lina maana ya nguvu na utiisho, na mwanafunzi akilisikia hudhani kwamba aleli hiyo itazishinda nyingine na kuenea. Kumbe habari yenyewe ni ya kuonekana, wala si ya kuenea: aleli moja hudhihirika hata ikiwa moja tu katika jozi, na nyingine hujificha. Kwa maoni yetu "dhahiri" na "fiche" ni maneno bora kuliko "tawala" na wenzake. Wenye Kiingereza wanalo tatizo hilo hilo, lakini si lazima tulirithi.

Turudi Musoma. Kwa watoto, p² mara 287 ni 190; 2pq mara 287 ni 87; q² mara 287 ni 10. Waliokutwa ni 189, 89 na 9. Ulinganifu huo ni wa karibu mno, na hakuna la kueleza.

Kwa watu wazima hali ni nyingine. Aleli zote ni 1308, na S ni 249 na 10, yaani 259. Fungu lake ni 0.198. Kanuni yatarajia AA 420.6, AS 207.7 na SS 25.6, lakini waliokutwa ni 400, 249 na 5. Wabebaji wamezidi kwa watu 41, na wagonjwa wamepungua kwa zaidi ya 20. Ili kujua kama tofauti hiyo yaweza kuwa bahati tu, twaa kila tofauti, izidishe kwa yenyewe, igawanye kwa namba iliyotarajiwa, kisha ujumlishe zote tatu. Kipimo hiki huitwa kai mraba. Tunapata 1.0, 8.2 na 16.6, jumla 25.8. Mpaka unaokubaliwa kwa swali la namna hii ni 3.84. Bahati peke yake haiwezi kuubeba mzigo huo.

Wengi huishia hapo, wakaandika "mchujo umetokea" na kuweka kalamu chini. Lakini lililo tamu linafuata. Gawanya fungu la kila jozi kwa watu wazima kwa fungu la jozi hiyo kwa watoto. Kwa AA ni 0.612 kwa 0.659, sawa na 0.93, kwa AS ni 0.381 kwa 0.310, sawa na 1.23; kwa SS ni 0.0076 kwa 0.0314, sawa na 0.24. Ukimfanya mbebaji kuwa kipimo cha moja, AA anasalimika kwa 0.76 na SS kwa 0.20. Hasara ya AA, iletwayo na malaria, ni 0.24, hasara ya SS, iletwayo na ugonjwa wenyewe, ni 0.80. Hasara hizi mbili huvutana, na mahali zinapolingana ndipo fungu la S linapotulia: 0.24 kugawanywa kwa jumla ya 0.24 na 0.80, yaani takriban 0.23. Watoto walikuwa na 0.186 na watu wazima 0.198. Namba hizo ziko chini ya 0.23, ila si mbali nayo. Ndiyo maana aleli inayoua haikutoweka kando ya ziwa. Mtahiniwa mwangalifu ataongeza kwamba watoto hao si watu wazima wale wale walipokuwa wachanga, na kwamba wagonjwa 9 na 5 ni wachache mno kuitegemea 0.20 kwa uthabiti. Maneno hayo mawili hayamharibii jibu, yanamwongezea.

Tumeandika "mchujo wa maumbile" badala ya "uteuzi asilia" kwa makusudi. Mteuzi ni mtu mwenye nia, kama mwenyekiti anayeteua kamati. Chujio halina nia. Linazuia kinachozuilika na kupitisha kinachopita. Suala la nia ndilo kiini cha makosa mengi katika maswali ya mageuko, na hapa sarufi yetu inatupa msaada ambao bado hatujautumia ipasavyo. Mzizi ni mmoja, -geu-, lakini kugeuka, kugeuza na kujigeuza ni mambo matatu. Anayegeuza anatenda, anayejigeuza anajitenda kwa hiari, kinachogeuka hakisemwi kimegeuzwa na nani. Kwa hiyo "mageuzi", neno la wanasiasa wanaotaka kubadili katiba, latokana na kugeuza na linafaa kwao. "Mageuko" latokana na kugeuka, na ndilo linalofaa biolojia.

Mfano ulio hai ni klorokwini. Dawa hiyo iliposhindwa na vimelea vya malaria, watu walisema "vimelea vimeizoea dawa", na neno "usugu" lenyewe linanuka mazoea: mtu sugu ni yule aliyeonywa mara nyingi hata hajali tena. Mwanafunzi anaandika kwamba kimelea kilijizoeza. Lakini Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993, na fungu la vimelea vyenye badiliko la usugu likashuka kutoka asilimia 85 mwaka 1992 hadi asilimia 13 mwaka 2000. Kama ingekuwa ni mazoea, tungelazimika kusema kwamba vimelea vilisahau. Hakuna kilichosahau. Vile visivyo na badiliko hilo viliongezeka mara tu dawa ilipoondolewa, kwa kuwa bila dawa badiliko hilo ni mzigo. Katika majibu ya mtihani, tazama mofimu -ji- na kiunganishi "ili": "vilijibadilisha ili viishi". Mahali ilipo sentensi hiyo, dhana imepotea, hata kama namba zote ni sahihi.

Limebaki neno la ujamaa, ambalo pengine lina hatari kuliko yote kwa sababu hakuna anayelishuku. Swali la kawaida ni hili: Amina ni mzima, lakini ndugu yake ana selimundu, wazazi wao ni wazima. Kuna uwezekano gani kwamba Amina ni mbebaji? Wengi hujibu nusu. Wamesahau kwamba neno "mzima" limekwisha kuiondoa jozi moja. Wazazi wote wawili ni AS, na watoto wao hutarajiwa kuwa AA mmoja, AS wawili, SS mmoja kwa kila wanne. Amina si SS. Basi yu miongoni mwa watatu waliobaki, na wawili kati yao ni wabebaji. Jibu ni 2/3.

Lakini je, ni ndugu yupi? Kwa Mswahili, ndugu aweza kuwa mtoto wa mama mdogo au wa baba mkubwa. Hata tukisema "ndugu wa tumbo moja", tumemhakikisha mama tu. Tuseme Amina na ndugu huyo wamechangia mama peke yake, na baba yake Amina, ambaye aleli zake hazijulikani, ametoka katika kundi ambamo fungu la S ni 0.20. Mama ni AS kwa hakika, maana mtoto wake mmoja ni SS. Uwezekano wa Amina kuwa AS, iwe S imetoka kwa mama au kwa baba, ni 0.5 mara 0.8 pamoja na 0.5 mara 0.2, yaani 0.5. Uwezekano wa kuwa SS ni 0.1, nao umeondolewa na neno "mzima". Kwa hiyo twagawanya 0.5 kwa 0.9, na jibu ni 5/9. Mtahiniwa atakayeandika 5/9 kwa swali lililotungwa kwa neno tupu la "ndugu" hana kosa, na msahihishaji anayemnyima alama anamwadhibu kwa kujua Kiswahili. Mtunzi anayetaka 2/3 na aandike: "ndugu wa baba mmoja na mama mmoja".