Chumba cha oksijeni: majeruhi, ulizia masikio kwanza

Straika kachanika msuli wa paja, dabi imebaki wiki mbili, na mtu anamwambia kuna chumba cha oksijeni kitakachomrudisha dimbani fasta. Atauliza bei, atauliza siku. Masikio hayaulizii, na huko ndiko madhara yanayoongoza ya tiba hiyo yaliko.

Mashabiki wa zamani watakumbuka 2002, David Beckham alipovunjika mfupa wa mguu na magazeti ya Uingereza yakajaa habari za hema la oksijeni. Chumba hiki ni kitu kingine, maana kina presha. Mgonjwa hufungiwa ndani, presha ikapandishwa hadi mara 2 au 3 ya kawaida, naye akavuta oksijeni tupu. Mara 2 tu ni sawa na kuzama mita 10 baharini, ila umelala mkavu.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna uwazi wenye hewa. Presha ikipanda, hewa hiyo husinyaa na ngoma huvutwa ndani. Anayeokoa jahazi ni mrija mwembamba unaotoka sikioni hadi nyuma ya pua. Ukimeza mate au kupiga mwayo, unafunguka. Ni kama ndege inapotua, lakini hapa mkandamizo ni mkubwa zaidi. Mrija ukigoma, sikio huuma, damu huvilia ndani, na ngoma inaweza kupasuka.

Hatari kubwa iko dakika za mwanzo, presha inapopanda. Sikio likianza kuuma, sema palepale, mtaalamu asimamishe. Kubana pua na kupuliza taratibu husaidia. Kupuliza kwa nguvu kama mpiga vuvuzela kunaweza kujeruhi sikio la ndani, linalobeba usikivu na balansi. Beki asiye na balansi atamkaba nani?

Mwenye mafua huahirishiwa. Sinasi zikiziba, maumivu hukamata juu ya macho na mashavuni, na pua inaweza kutoka damu. Hapo ndipo wachezaji wengine hudanganya: anavuta kamasi mlangoni, akiulizwa anasema yuko fiti, kisa namba yake isichukuliwe. Na yote hayo kwa ajili ya msuli, wakati ushahidi kwamba oksijeni hiyo huuponya haraka bado ni hafifu.