Mume Anayumba: Ni Pombe au Ni Sukari?

Jua linapokaribia kutua, bwana mmoja anarejea nyumbani kutoka kwenye kongo. Hatua zake hazina mpango, jasho linamtiririka ingawa upepo ni wa baridi, na anapoulizwa neno hujibu kwa hasira, tena jibu lisilohusu swali. Katika gombolola ya Kirewa, wilayani Tororo, mambo hayo hayamshangazi mtu. Tangu zamani Wapadhola huizunguka nyungu ya pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mazungumzo huendelea mpaka giza. Kwa hiyo watu wa nyumbani hutikisa vichwa, wakamtandikia mkeka, wakamwacha alale.

Lakini ikiwa bwana huyo ana ugonjwa wa kisukari, na asubuhi alijichoma sindano ya insulini, huenda usingizi huo asiamke.

Yafaa kila anayemwuguza mwenziwe aelewe jambo hili kabla ya mengine yote. Insulini ikishaingia mwilini hufanya kazi yake, chakula kije kisije. Vidonge vya glibenklamidi navyo vina tabia hiyo hiyo. Mgonjwa akikosa chakula cha mchana, au akilima kutwa kuliko kawaida yake, sukari ya damu hushuka. Hapo ini huwa na akiba ya sukari ya kumwokoa. Ila pombe hulizuia ini lisiitoe upesi. Ndiyo sababu kongo juu ya tumbo tupu ni hatari kwake hata kama hakunywa sana. Sukari ikiwa chini ya 3.9 kwa kipimo kinachosoma milimoli, au chini ya 70 kwa kile cha miligramu, mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio, na njaa humkamata ghafla. Ikizidi kushuka, ubongo wenyewe hukosa chakula, naye huyumba na kupayuka kama mlevi. Harufu ya pombe mdomoni haithibitishi kitu. Mtu aweza kuwa na yote mawili.

Bibi mwenye nyumba afanye nini? Ikiwa mgonjwa anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji. Zisubiriwe dakika 15, apimwe tena, na kama bado arudiwe. Akipata nafuu ale chakula kamili, maana maji ya sukari hayadumu. Asipoweza kumeza, asimiminiwe kitu chochote kinywani, kwani kitaingia mapafuni. Alazwe ubavu, na upesi itafutwe pikipiki au gari la kumfikisha kituo cha afya cha Mulanda au hospitali ya Tororo. Na kama hakuna kipimo nyumbani? Apewe sukari vile vile. Ikiwa sukari yake ilikuwa juu, vijiko hivyo havitamwongezea madhara makubwa kwa saa hiyo. Ikiwa ilikuwa chini, vimemponya.

Sukari isiyotulia, ambayo leo iko juu na kesho iko chini, mara nyingi huanzia katika ratiba ya nyumba. Askari wa zamu ya usiku hula saa nane za usiku na kulala mchana. Mchuuzi wa Busia huvuka mpaka alfajiri bila kunywa hata uji. Mke naye, kwa nia njema, huficha chungu na kumhesabia mumewe matonge. Bwana huona haya, akaenda kula chapati dukani, akirudi husema hakula kitu. Ugomvi wa namna hiyo haujateremsha sukari ya mtu yeyote. Afadhali daftari la shule la bei nafuu: saa, chakula, dawa, namba ya kipimo. Mtoto anayejua kusoma aweza kuliandika, na daktari akiliona ataijua nyumba hiyo kuliko kwa maneno mia. Aidha, wako wanaoamini kwamba ugali wa wimbi na muhogo ni dawa ya kisukari, ule kadiri upendavyo. Si hivyo. Nao ni wanga, nao hupandisha sukari. Tonge lipunguzwe, mboga za majani, maharagwe na dagaa viongezwe.

Jingine ni malaria, ambayo Tororo inaijua mno. Mgonjwa mwenye homa hukataa chakula, na watu wa nyumbani husimamisha insulini wakidhani wanamsaidia. Kumbe homa yenyewe huweza kupandisha sukari. Akianza kutapika, kuhema kwa nguvu, na pumzi ikanuka kama matunda yaliyoiva mno, hiyo ni safari ya hospitali, isingoje asubuhi. Kwa upande mwingine, kwinini na malaria kali vyaweza kuishusha sukari. Basi siku za homa ndizo za kupima mara nyingi zaidi.

Wasio na friji nao wasikate tamaa. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofuata joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya: insulini iliyokaa kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne ilikuwa na nguvu ile ile ya iliyowekwa penye baridi. Chupa inayotumika yaweza kukaa ndani ya chungu kilichosimamishwa katika mchanga uliolowa maji, kivulini, mbali na jiko na bati. Chupa ambazo hazijafunguliwa zibaki kwenye friji ya kituo.

Miguu ikaguliwe kila jioni kwa taa, hasa nyayo na kati ya vidole. Ganzi huficha mwiba.

Na kabla bwana hajatoka kwenda kongo au Busia, ale kwanza, kisha atiwe mfukoni sukari kidogo iliyofungwa katika karatasi, pamoja na kadi ndogo: "Nina kisukari. Nikiyumba, nipe maji ya sukari kama naweza kumeza. Kama siwezi, nipeleke hospitali." Iandikwe kwa Kipadhola kwa ajili ya majirani, na kwa Kiswahili kwa ajili ya askari wa mpakani atakayemkuta ameanguka kando ya barabara, na ambaye kabla ya kumpeleka mahabusu atampapasa mfukoni.