Askari, Wavuvi na Samaki wa Rumonge

Ziwa Tanganyika ni mali ya nchi nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Tarehe 12 Juni 2003 nchi hizo zilitia saini mkataba wa kulihifadhi. Lakini kokoro halisomi mkataba. Likivutwa ufukweni Rumonge, huzoa vifaranga vya ndagala vinavyokulia maji ya kina kifupi. Udongo wa milimani nao, ukiletwa na mito kama Murembwe, hufunika mawe wanamozalia samaki wengine.

Askari wa doria aweza kulichoma kokoro leo. Kesho mvuvi mwenye njaa atafuma jingine. Wajuao limefichwa nyumba gani ni wavuvi wenzake, nao hawatamwambia askari aliyekula samaki wao asiwalipe.