Mwili Una Saa Yake

Siku hizi ni nyumba chache za Waislamu katika pwani yetu zisizokuwa na mtu ng'ambo. Kijana anasoma Marekani, binti ameolewa Canada, na mama huitwa huko kwenda kumuuguza mzazi na kumpokea mjukuu. Tangu Oktoba 2018, ndege zilipoanza kwenda moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, mwendo huo umekuwa wa kiasi cha saa 15 tu. Lakini mgeni akisha fika, wenyeji hustaajabu. Mchana husinzia mezani. Usiku wa manane yu macho, ana njaa, na kichwa kizito. Wengine hudhani ameugua, au hakupendezwa na makaribisho. Sivyo. Mwili wake umefika, bali saa iliyomo ndani yake ingali nyumbani.

Maneno haya si mfano tu. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, mna fungu dogo la chembe hai linaloongoza usingizi, njaa na joto la mwili. Chembe hizo hupokea habari za mwanga kutoka machoni, na kwa hiyo hujirekebisha kila siku kwa jua. Wataalamu watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kufumbua jinsi saa hiyo inavyokwenda. Qur'ani Tukufu nayo, katika sura ya 78, imetaja usingizi, usiku na mchana pamoja, mfululizo.

Yafaa tujue kwamba si kila uchovu wa safari ni uchovu huu. Aendaye Makka kutoka Mombasa, Unguja au Dar es Salaam hakuti saa tofauti na ya kwao, kwa kuwa miji hiyo yote hufuata saa moja. Haji wetu akichoka, amechoka kwa kukosa usingizi, kwa joto na kwa kiu. Dawa yake ni maji na mapumziko. Lakini New York iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi, na saa saba wakati wa joto. Huko ikiwa ni saa tatu za usiku wa Januari, kwetu ni saa kumi na moja za alfajiri. Mwili hauwezi kuruka pengo hilo kwa siku moja. Kwa kawaida huhitaji kiasi cha juma moja, na pengine zaidi.

Basi msafiri afanyeje? Jambo la kwanza ni kuifuata saa ya mji aliofikia tangu siku ya kwanza: ale wanapokula wenyeji, alale wanapolala. Aendaye magharibi na atoke nje alasiri, akae katika mwanga mpaka jioni, na ajitahidi asilale kabla ya saa tatu au nne za usiku. Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Wakati wa baridi magharibi huingia mapema huko, na mwili hudhani ni usiku mkubwa. Wengi husema, "Nitajinyoosha kidogo," na isha ikawapita. Kulala kabla ya isha ni makuruhu, na kwa mgeni wa siku hizo ni hatari zaidi. Akizindukana saa tisa za usiku, asiwashe taa kali wala asifungue simu. Akipenda asali tahajudi katika mwanga hafifu, kisha arejee kitandani. Kailula ya mchana yafaa, bali isipite nusu saa. Kahawa aiache baada ya adhuhuri.

Kurudi nyumbani ni kugumu zaidi, maana saa ya mwili ni nyepesi kuchelewa kuliko kuwahi. Siku mbili za kwanza msafiri aepukane na jua kali la asubuhi, ambalo mwili wake hulihesabu kuwa ni la usiku, na autafute mwanga wa alasiri.

Watu wa nyumbani nao wana wajibu. Wasimtie mgeni kwenye usukani siku anayoshuka ndegeni. Usingizi barabarani huua. Mwenye kisukari atumiaye insulini amwone daktari kabla ya safari, apangiwe saa za dawa na chakula. Vidonge vya usingizi visimezwe kwa kuambiwa na jirani. Na mwanafunzi aliye na mtihani afike siku kadhaa mbele, asifike jana yake.

Ama ibada, nayo yatufunza jambo hili hili. Adhuhuri ya New York husaliwa kwa jua la New York, wala haingoji saa ya Mombasa. Hata lugha yetu huhesabu saa moja tangu macheo, si tangu usiku wa manane. Mwenye kushika sala tano kwa nyakati zake ana ratiba tayari popote ashukapo: humwamsha, humtoa msikitini, humpanga hadi isha. Sheria nayo imempa msafiri wepesi wa kupunguza na kukusanya sala, na wa kuakhirisha saumu. Wepesi huo una mipaka, basi amwulize mwanachuoni kabla ya kuondoka.

Tuwapokee wageni wetu kwa subira, tusiwalaumu kwa kusinzia. Mwenyezi Mungu awafikishe salama na awarejeshe salama. Amin.