Mbao za Madirisha ya Nje Isiolo

Mjini Isiolo, dirisha la mbao huharibiwa na jua zaidi ya mvua. Ubao mbichi kutoka miteremko ya Mlima Kenya ukifika kwenye joto hilo kavu hupinda na kupasuka, hivyo kuukausha vyema kivulini ni muhimu pengine kuliko aina ya mti. Mtarakwa hustahimili mchwa na kuoza, ila ni adimu, tena hupasuka ukipigwa misumari. Afadhali utobolewe kwanza. Saipresi hupatikana kwa urahisi na haizielemei bawaba, lakini bila dawa na rangi haidumu nje. Bawaba na skrubu ziwe za chuma kilichopakwa zinki. Rangi nyeupe hupunguza joto la ubao. Vanishi, ijapokuwa inapendeza, huambuka upesi juani.