Alama ya Kutoa Isifutwe Ovyo

Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa anapopakua taarifa ya benki na kuifungua kwenye Excel, mara nyingi hukuta fedha zilizotoka zimetanguliwa na alama ya kutoa. Hamu ya kwanza ni kuziondoa alama hizo, maana wanachama hushtuka wakiona namba hasi kwenye ripoti. Kuziondoa ni rahisi sana, na hapo ndipo hatari ilipo. Alama ile ni sehemu ya kumbukumbu kama ilivyo tarehe ya muamala, kwa hiyo namba chanya ziandikwe safu ya pembeni, na zile zilizotoka benki zisiguswe.

Tuchukue safu B yenye miamala mitatu ya akaunti mpya: 80,000 zilizowekwa, kisha -30,000 na -20,000 zilizotolewa. Jumla ni 30,000, na hilo ndilo salio. Zote zikigeuzwa chanya, jumla inaruka hadi 130,000, na Excel haitoi onyo lolote kwa sababu imejumlisha sawasawa kile ilichopewa. Baada ya miezi sita, mkaguzi akiuliza kama zile 30,000 ziliingia au zilitoka, jedwali halina jibu. Brahmagupta, mwanahisabati wa India, alipoandika kanuni za namba hasi mwaka 628, alizieleza kwa mali na deni, na mpaka leo sijaona maelezo yanayomfaa zaidi mtunza hesabu.

Njia salama ni kuandika =ABS(B2) kwenye seli C2, kisha kuiburuta fomula hadi mwisho wa safu. Namba hasi inakuwa chanya, iliyokuwa chanya inabaki vilevile, na safu B ipo kwa ajili ya ushahidi. Wengi hukimbilia amri ya kutafuta na kubadilisha, wakaondoa kila kistari. Amri hiyo haichagui: namba ya kumbukumbu TX-0412 inageuka TX0412, na fomula =D2-E2 inabaki =D2E2, kitu kisichokokotoleka. Wengine hubadilisha mwonekano wa seli tu ili alama isionekane. Hapo msomaji anaona 30,000 huku jumla ikiendelea kuhesabu -30,000, na ripoti inaonekana ya uongo hata kama aliyeiandaa ni mwaminifu.

Kuna watakaosema safu za ziada zinajaza jedwali bure, na kwamba kikao kinataka namba moja iliyo wazi. Kikao kina haki ya kuipata, ila haihitaji kuharibu chochote. Fomula =-SUMIF(B2:B40,"<0") hukusanya namba hasi peke yake na kutoa jumla yake ikiwa chanya; katika mfano wetu ni 50,000. Iwekwe kwenye ukurasa wa ripoti, mbele ya maneno “fedha zilizotoka”, na hakuna mwanachama atakayekutana na alama ya kutoa.

Pingamizi zito zaidi ni hili: benki nyingine hutenga safu mbili, ya fedha zilizoingia na ya zilizotoka, na bado huweka alama ya kutoa kwenye ile ya pili. Kichwa cha safu kimeshasema fedha zimetoka, basi alama inabaki na kazi gani? Kwa miamala mingi, haina. Lakini muamala ukibatilishwa, benki inaweza kurudisha fedha ndani ya safu hiyohiyo kwa alama iliyo kinyume: -30,000 zilitoka, 30,000 zikarudi. ABS ingezihesabu zote mbili kama matumizi, ikasema kikundi kimetumia 60,000 wakati hakikutumia hata shilingi. Katika safu ya namna hii kinachofaa ni kuzidisha kwa -1, =B2*-1, ili kilichotoka kiwe chanya na kilichorudi kiwe hasi. Njia hiyohiyo ingevuruga safu yetu ya mwanzo, kwa kuzigeuza zile 80,000 zilizowekwa kuwa deni. Kwa hiyo, kabla ya kuandika fomula, safu ipitiwe kwanza kutafuta namba zenye alama tofauti na nyingine, na kila moja ijulikane ilifikaje pale.